Turubai la Haitham

Limeletwa limekunjwa bichi.
Siku kumi na moja ndani ya buti la gari, mwezi wa Julai,
Sidab ikitokota kama sufuria iliyosahauliwa jikoni,
naye anashangaa eti lanuka.
“Khalati, nimelimwagia jiki,” asema, kifua mbele.
Jiki!
Buluu yote imekuwa ramani
ya nchi asizowahi kufika.

Sikumjibu. Nimelitandaza juu ya paa,
nikalipangusa kavukavu kwanza,
maana maji yakilitangulia vumbi
vumbi hugeuka udongo,
na udongo ukishaingia katikati ya nyuzi
hauombi tena ruhusa ya kukaa.
Kisha brashi laini na maji vuguvugu,
sabuni ya kipande niliyoipara mwenyewe,
si ile ya unga inayokula ngozi ya vidole.
Vinyesi vya shakwe nimevilaza na kitambaa cha siki:
havibanduliwi kwa kisu, vinabembelezwa.
Koga nimeisugua mpaka kiuno kikanikumbusha umri.
Nikasuuza. Nikaonja tone kwenye ncha ya kidole.
Nikasuuza tena.
Mara ya tatu ndipo chumvi ilipokubali kuondoka.

Zipu meno yameota magamba meupe,
nimeyapaka mshumaa,
kile kipande kilichobaki usiku wa kimbunga.

Halafu mishono.

Watu hudhani jua hula kitambaa.
Kitambaa kina subira; uzi ndio unaotangulia.
Waugusa tu kwa ukucha, tik, tik,
mshono wote unaachama
kama kinywa cha aliyesinzia msibani.
Na mshono huu naujua.
Kila baada ya shubiri unalalia kushoto,
kwa kuwa aliyeushona hakuweza kushona
bila ya kugeuka dirishani kutazama nani apita.
“Zamzam, macho kwenye sindano!”
“Sindano inaijua njia, we niambie yule ni nani.”

Huyu ndiye mama yake Haitham.
Kijana hajui ameimwagia jiki kazi ya nani,
wala sikumwambia. Alikuwa na miaka minne
alipokuwa akilala chini ya cherehani hii,
mguu wa mama ukipanda na kushuka karibu na sikio lake.

Basi nimeketi na wembe, nafumua.
Ni uzi, najiambia. Ni uzi tu.
Vipande vifupi vyeupe vimenijaa mapajani
na upepo wa saa kumi ukavichukua kimojakimoja,
nisijue nivikimbilie au niviache.

Chini ya pindo la mbele, mahali jua halijawahi kufika,
mshono wake bado mzima.
Shubiri moja. Nimeuvuta, ukakataa.
Nimeuvuta kwa nguvu. Ukakataa vilevile, mbishi kama mwenyewe.
Nikauacha.

Palipobaki nimepita na uzi mpya wa Matrah,
muuzaji kanihakikishia miaka kumi.
Nikamwuliza: wangu au wa uzi?
Siku mbili turubai limekaa juu ya fito, mgongo juu,
lisije likafanya bonde maji yakatuama,
likakauka mpaka likaita likikunjuliwa.
Nikalipaka dawa ya kuzuia maji, nikangoja, nikapaka tena.

Leo asubuhi nimelijaribu kwa kikombe.
Maji yakakimbia vitonevitone
kama mbegu za komamanga zilizomponyoka mtoto,
huku, huku, mpaka ukingoni, puu.
Ila kwenye ile shubiri ya Zamzam.
Hapo tone moja lilisimama, likafikiri,
likapenya.

Ningeweza kuziba. Nta ninayo.
Nimepiga hesabu, upande ule ni juu ya kiti cha usukani.

Haitham amekuja, amelipa, amelisifu,
amelibeba begani kama mtu abebaye jamaa yake.
Nimemwambia asilikunje bichi.
Mengine hakuniuliza.